Jiwe Halisubiri Kurejelewa

Imeenea hoja moja katika vikao vya vyuo vikuu na katika ofisi zinazogawa fedha za utafiti, nayo inapita siku hizi bila kupingwa. Ukitaka kujua utafiti uelekezwe wapi, wanasema, tazama makala zinazorejelewa. Chukua orodha za marejeleo kutoka hifadhidata ya majarida, zipitishe kwenye programu ya kuchora ramani, na mada zitajipanga zenyewe: zenye uzito zitajikusanya katika mafungu makubwa ya rangi, nyonge zitasukumwa pembeni, na zisizo na thamani hazitaonekana. Mtafiti mwenye akili hufuata mafungu makubwa, na mfadhili mwenye akili humfuata mtafiti huyo. Kizuri chajiuza, kisichorejelewa na mtu hakikuwa kizuri.

Naikataa hoja hiyo, na nitaikataa kwa ushahidi wa madini, maana hapo ndipo madhara yake kwetu yanaonekana waziwazi. Eneo ninalolifikiria ni nchi ya mawe iliyo pande mbili za Mkata. Pale Mkata barabara ya kwenda Handeni inaachana na barabara kuu ya Chalinze hadi Segera. Ukishika upande wa magharibi unaelekea Handeni na machimbo ya dhahabu ya Magambazi. Ukiendelea kaskazini unapita Segera na kuingia Korogwe, wilaya ambayo ncha yake ya mbali, Kalalani, inakaribia mpaka wa Kenya na bonde la mto Umba, mahali palipotoa yakuti na garneti zinazojulikana na wafanyabiashara wa vito duniani kote. Miamba ya huku ni sehemu ya Mkanda wa Msumbiji, miamba iliyokandamizwa na kupikwa ndani kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mazingira ya namna hiyo huzaa madini ya ajabu. Hata hivyo, katika ramani ya marejeleo eneo kama hili hupotea kwa urahisi, na likipotea huko linapotea pia katika bajeti. Ndiyo maana nalumbana.

Kwanza nimtendee haki mpinzani wangu, kwa kuwa chombo anachokitegemea kilibuniwa na watu makini. Mwaka 1955 Eugene Garfield aliandika katika jarida la Science akipendekeza faharasa ambayo ingemwezesha msomaji kuanza na makala moja ya zamani na kuzipata zote zilizoitaja baadaye. Mwaka 1964 taasisi yake ya Philadelphia ilikuwa inaichapisha faharasa hiyo. M. M. Kessler wa MIT alikuwa ameonyesha mwaka 1963 kwamba makala mbili zinazotumia vyanzo vilevile zina undugu hata kama hazitajani. Mwaka 1973 Henry Small nchini Marekani na Irina Marshakova huko Moscow, bila kushirikiana, waliugeuza mtazamo huo: makala mbili za zamani zina undugu pale waandishi wa baadaye wanapozitaja pamoja. Mwaka 2010 Nees Jan van Eck na Ludo Waltman wa Chuo Kikuu cha Leiden walieleza programu yao ya bure, VOSviewer, na tangu hapo mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta anaweza kuchora kwa saa moja ramani iliyokuwa kazi ya miezi.

Kazi hiyo naiheshimu. Ninachokipinga ni matumizi yake. Ramani ya marejeleo inapima jambo moja tu: nani amemtaja nani. Inatuonyesha wasomaji walikokusanyika. Haina namna ya kutuambia ardhi imebeba nini, na anayeisoma kana kwamba inaonyesha ardhi ameamua, bila kujua, kutafuta pale tu ambapo wengine wamekwisha kutafuta.

Tazama inavyofanya kazi. Kabla ya kuchora, programu humwuliza mtumiaji idadi ya chini ya marejeleo ambayo makala iwe nayo ndipo ihesabiwe. Akiweka kumi, makala iliyotajwa mara tisa inafutika na kuwa sawa na isiyoandikwa. Kizingiti hicho kimewekwa ili picha isomeke, nalo ni jambo la lazima. Lakini anayeitazama picha iliyokamilika hakioni, naye huamini kwamba penye weupe hapana kitu. Njia ya Small na Marshakova ina upungufu mwingine wa asili: inasubiri waandishi wa baadaye. Makala ya kwanza kuhusu kilima fulani cha Handeni haiwezi kuwa na ndugu kabla watu wengine hawajafika kuandika, na hao hawatafika iwapo mfadhili anasubiri kwanza kuwaona kwenye ramani. Ukosefu wa watafiti unageuzwa kuwa sababu ya kutopeleka watafiti.

Kuna jambo kubwa zaidi ambalo wapenzi wa ramani hizi hawalisemi. Katika elimu ya madini, maelezo ya madini mapya yakikubalika kabisa, makala iliyoyatangaza huacha kutajwa. Zoisaiti ilitambuliwa mwaka 1805 kutokana na sampuli za Austria. Ni nani leo anayeandika kuhusu tanzanaiti, ambayo ni zoisaiti ya buluu, akaona haja ya kurejelea andiko hilo la 1805? Jina limeingia katika lugha ya kila siku ya fani na mwandishi wake amesahaulika. Mwanasosholojia Robert Merton alieleza hali hii ya kazi kumezwa na mafanikio yake yenyewe. Alieleza pia, mwaka 1968, jinsi mwanasayansi aliyekwisha kujulikana anavyozidishiwa sifa huku asiyejulikana akinyimwa hata ile aliyostahili. Basi kipimo kinachomwadhibu aliyefaulu na kumtuza aliyekwisha kutuzwa tunakipa mamlaka ya kuamua nani apande cheo na wilaya gani ichunguzwe?

Sijagusa bado kisichoingia kwenye hifadhidata hata kidogo. Tangu miaka ya 1920 idara ya jiolojia yenye makao yake Dodoma, ambayo leo ni Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, imekuwa ikiipima nchi hii kipande kwa kipande, ikichora ramani za robo digrii na kuandika ripoti. Maofisa wake walitembea kwa miguu, wakavunja miamba, wakaandika walichokiona. Sehemu kubwa ya maandishi hayo ilikusudiwa kwa serikali, haikupitia majarida ambayo kampuni za hifadhidata huyaorodhesha. Zipo pia tasnifu za wanafunzi wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ramani ya marejeleo haiwezi kutaja ujuzi huo kwa sababu haukulishwa humo. Mtu anapotangaza kwamba Handeni haijafanyiwa utafiti wa kutosha kustahili kutazamwa, mara nyingi anachokisema ni kwamba hajafika Dodoma kusoma.

Sasa tuyaulize mawe yenyewe. Katika miaka ya 1960 wachimbaji wa bonde la Umba walikuwa wakitafuta rodolaiti, garneti ya zambarau nyekundu ambayo wanunuzi waliitaka. Pamoja nayo walipata garneti nyingine zenye rangi ya waridi na machungwa, ambazo hazikulingana na orodha ya mnunuzi. Zilikataliwa, zikapewa jina la kudharaulisha la malaya. Miaka ilipopita wataalamu walizipima na kuona ni mchanganyiko wa garneti za aina mbili, pairopi na spesatini, wenye mng'ao na uzuri wake. Mawe yaleyale yakawa na soko Ulaya na Marekani, kwa jina lilelile la dharau. Aliyeyakataa alikuwa na mazoea ya soko tu, hana kipimo. Huo ndio ufuataji wa mafungu makubwa: jiwe linatupwa kwa kosa la kutofanana na lile ambalo wengine wamekwisha kulisifu.

Kalalani nayo ilisubiri. Maelezo mazuri ya yakuti na garneti za huko yalichapishwa mwaka 1999 katika jarida la Gems & Gemology na Antonín Seifert na Jaroslav Hyršl, wataalamu kutoka Jamhuri ya Czech, wakati wachimbaji walikuwa wamekwisha kuyatoa mawe hayo kwa mikono yao. Magambazi inasema habari ileile. Kwa muda mrefu akili za watafutaji dhahabu zilielekea Kanda ya Ziwa, kwenye miamba ya kale ya Geita, Bulyanhulu na North Mara. Handeni, iliyo katika Mkanda wa Msumbiji, haikuwa kwenye njia yao. Wachimbaji wadogo ndio waliotangulia kuchimba, na kampuni ya Canaco Resources ya Vancouver ilipokuja baadaye kuchoronga ilikuta dhahabu ndani ya mwamba wa amfiboliti uliojaa garneti. Mwenye sururu alifika kabla ya mwenye makala, kama ilivyokuwa Umba na Kalalani.

Mirerani, kunakochimbwa tanzanaiti, nako ni hivyohivyo. Serikali inamtambua mzee Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wa tanzanaiti, mwaka 1967. Ilichukua hadi 2018 ndipo Rais Magufuli alipomtambua hadharani na kumpa shilingi milioni 100, na mzee akafariki mwezi Januari mwaka uliofuata. Hakuna programu ya marejeleo duniani ambayo ingelitoa jina lake, kwa kuwa hakuandika makala. Je, alikuwa hajui? Alijua kutofautisha jiwe na jiwe, na ujuzi huo ndio mlango wa kwanza wa sayansi hii.

Nasema mlango wa kwanza kwa makusudi, maana kutambua madini mapya kuna milango mingine, na napenda msomaji aijue. Si kila jiwe geni ni madini mapya. Tanzanaiti ni aina ya zoisaiti. Garneti za Umba ni mchanganyiko wa madini yanayojulikana. Ili kitu kiitwe madini mapya lazima muundo wake wa kikemia, au mpangilio wa atomi ndani ya fuwele zake, au vyote viwili, vitofautiane na vyote vilivyokwisha kuandikwa, na vilivyoandikwa vimepita 6,000. Mtafiti hupima kemia kwa miali ya elektroni, hupima mpangilio wa atomi kwa eksirei, hupima ugumu, uzito na namna jiwe linavyopitisha mwanga. Kisha hupeleka maombi kwenye tume ya Chama cha Kimataifa cha Mineralojia, tume iliyoundwa mwaka 1959, na wajumbe wake kutoka nchi mbalimbali hupiga kura. Bila theluthi mbili, hakuna madini. Na sampuli yenyewe iliyopimwa huwekwa katika jumba la makumbusho ili yeyote mwenye shaka aweze kuirudia.

Tanzania imekwisha kupita katika milango hiyo. Mwaka 1959 Duncan McKie aliieleza yoderaiti kutoka kilima cha Mautia, Kongwa, madini ya zambarau ambayo dunia haikuwa inayajua. Lava ya Oldoinyo Lengai, inayotiririka kwa joto la chini kuliko lava zote na kugeuka nyeupe ikigusana na unyevu wa hewa, ilitoa naierereiti, madini yenye jina la Mwalimu Julius Nyerere yaliyokubaliwa mwaka 1963. Mwaka 2016 ikaja merelaniaiti, nyuzi laini za kijivu zenye molibdeni, risasi, vanadi na antimoni, iliyoelezwa na John Jaszczak wa Michigan na wenzake, na jina lake ni heshima kwa wachimbaji wa Mirerani. Mwaka 2020 ikafuata richadsaiti, pia ya Mirerani, yenye zinki, shaba na gali.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Nyuzi za merelaniaiti zilikuwa zimeshikamana na vipande vilivyopita mikononi mwa wachimbaji wetu na mabroka wetu, zikauzwa kwa wakusanyaji wa mawe, zikavuka bahari. Huko ndiko zilikotazamwa kwa hadubini na kuonekana kuwa kitu kipya. Sampuli kuu iko katika Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia, London. Siwalaumu waliozichunguza, walifanya kazi ya uaminifu, wakawaheshimu wachimbaji wetu kwa jina. Ninauliza sisi tulikuwa tunatazama wapi. Wakati jiwe lililopo mfukoni mwa broka wa Mirerani lilikuwa halijulikani na sayansi yoyote, wasomi wetu walikuwa wanaambiwa wachague mada zenye marejeleo mengi.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza: tukiacha marejeleo tutabaki bila kipimo, na vyeo vitatolewa kwa kujuana. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake si hiyo. Maelezo ya madini mapya yana kipimo kikali kuliko idadi ya marejeleo. Mwaka 1964 ilitangazwa mbozaiti, kwa jina la Mbozi yetu. Baadaye wataalamu walipopanga upya kundi la madini ya amfiboli waliona kwamba haisimami peke yake, na jina likaondolewa. Hakuna aliyehesabu imetajwa mara ngapi. Walirudi kwenye jiwe. Sayansi iliyo na sampuli inayoweza kupimwa upya na kura inayoweza kukataa haihitaji kuazima heshima kutoka kwenye hesabu za umaarufu.

La pili: madini mapya ni chembe zisizoonekana, hazijazi hazina ya taifa. Ni kweli kwamba merelaniaiti haitauzwa kwa kilo. Lakini mkono na jicho vinavyoweza kuitambua ndivyo hivyohivyo vinavyoweza kumwambia mchimbaji wa Kalalani kwamba jiwe analotaka kulitupa lina thamani, au kumwambia ofisa wa serikali kwamba katika miamba ya Mirerani gali, metali inayotumika katika vifaa vya elektroniki, imejikusanya kiasi cha kuunda madini yake yenyewe. Nchi isiyoweza kutambua jiwe lake huuza kwa bei ya jina lililotolewa na mnunuzi. Garneti za Umba zilitufundisha hilo kwa hasara.

La tatu: hatuna mashine. Mashine zipo za kuanzia, na za kumalizia zinaweza kutumiwa kwa ushirikiano, kama wafanyavyo hata watafiti wa nchi tajiri. Merelaniaiti yenyewe ilipita katika maabara na mikono ya wataalamu wa nchi zaidi ya moja. Kinachohitajika ni masharti. Mtafiti wa Tanzania awe mwandishi, asiwe mbeba mifuko. Sampuli ikigawanywa, sehemu yake ibaki Dodoma. Tunao uwezo wa kudai hayo leo, kwa sababu jiwe ni letu.

Na ikiwa mpinzani bado anadhani kwamba nazua ugomvi na sayansi ya kupima utafiti, namshauri awasikilize wenye sayansi hiyo. Mwaka 2015 wataalamu watano walichapisha katika jarida la Nature kanuni kumi zinazojulikana kama Ilani ya Leiden. Mojawapo inataka utafiti bora wenye umuhimu kwa mahali fulani ulindwe, usikandamizwe na vipimo vya kimataifa. Mmoja wa watano hao ni Ludo Waltman, yuleyule aliyeshiriki kuitengeneza VOSviewer. Aliyeunda chombo anatuonya tusikifanye hakimu, nasi tunakipa joho na nyundo!

Tukitumie basi kwa kazi inayokifaa. Garfield alikusudia msaada wa kutafuta, na mwaka 1986 Don Swanson wa Chicago alionyesha jinsi ya kuutumia vizuri. Alitafuta makundi mawili ya maandishi yasiyorejeleana, moja kuhusu mafuta ya samaki na jingine kuhusu maradhi ya Raynaud yanayobana mishipa ya damu ya vidole, akaona kwamba yakisomwa pamoja yanatoa wazo la tiba ambalo hakuna kundi lililokuwa limeliona. Thamani ilikuwa katika pengo. Hivyo ndivyo ramani ya marejeleo inavyopaswa kusomwa Tanzania: tuweke ripoti za Dodoma na tasnifu za Dar es Salaam ndani yake, kisha tutafute mahali ambapo maandishi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa na maandishi ya garneti za Mkanda wa Msumbiji hayajawahi kukutana. Hapo palipo weupe ndipo tupeleke nyundo.

Nadai mambo manne. Ripoti zote za zamani za jiolojia zinazohusu Handeni na Korogwe zipigwe picha na kufunguliwa kwa kila msomaji. Kamati za vyeo vya vyuo vikuu zihesabu madini yaliyoelezwa, ramani iliyochorwa na sampuli iliyohifadhiwa kuwa kazi kamili ya kitaaluma, bila kusubiri idadi ya marejeleo. Dodoma iwe na hifadhi ya kudumu ya sampuli za madini yaliyotambuliwa nchini, inayokubalika kimataifa. Na pale Mkata, mahali ambapo mtu wa Handeni na mtu wa Korogwe wanafika kwa basi moja, kiwekwe kituo cha kutambua mawe, chenye hadubini, kipima mwanga na mtaalamu anayeijua lugha ya duara, yaani shimo la mchimbaji, na ya maabara. Mchimbaji alete jiwe asilolielewa, apewe jibu la bure kwa maandishi, na jina lake liandikwe katika daftari pamoja na shimo jiwe lilikotoka na tarehe.

Daftari hilo lingekuwa chanzo cha utafiti ambacho hakuna hifadhidata ya Ulaya au Marekani inayo. Litakapotoa madini ya kwanza kuelezwa na Mtanzania kutokana na jiwe la Handeni, makala yake itaanza bila rejeleo hata moja, kama zilivyoanza makala zote za madini mapya tangu fani hii ianze. Kamati ya vyeo itakayoipa makala hiyo sifuri siku hiyo itakuwa imejihukumu yenyewe, na waziri atakayetia saini bajeti ya kituo hicho leo atakuwa ameifanyia elimu ya nchi hii kazi kubwa kuliko ramani zote za rangi zilizobandikwa ukutani.